Uvimbe wa Shingo na Kivuko cha Rufiji

Mwaka 1895 Wajerumani walijenga Boma la Mikindani, jirani na Mtwara mjini. Novemba ya mwaka huohuo, kwao Würzburg, Wilhelm Röntgen aligundua miale aliyoiita X, kisha akapiga picha ya mkono wa mkewe: mifupa na pete. Boma tulilipata palepale. Miale ilikawia.

Nayaweka pamoja mambo hayo kwa sababu ya mjomba wangu, mvuvi wa Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma. Alianza na kidonda cha ulimi, kikafuata uvimbe shingoni. Ilipothibitika ni saratani, swali likabaki moja: imefika wapi?

Eksirei ya kawaida haitoshi kulijibu, kwa kuwa huona mifupa vizuri lakini nyama laini huzichanganya kivuli kimoja. Altrasaundi huziona tezi za limfu za shingo na kuiongoza sindano ya kuchota seli, ila haipenyi mfupa wala hewa. CT, iliyotumika kwa mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, huonyesha haraka taya lililoliwa, tezi za ndani na hata mapafu. Mmoja wa waliostahili Nobeli yake, Allan Cormack, alizaliwa Johannesburg na kuanza hesabu zake akiwa Cape Town. MRI hutofautisha nyama na nyama, hivyo hupima kina cha saratani ya ulimi na kuifuata inapotambaa kwenye neva kuelekea fuvu. PET hufuata sukari yenye mionzi: saratani hung'aa popote ilipo mwilini, ingawa tezi yenye maambukizi nayo huweza kung'aa, na saratani ndogo sana ikapita bila kuonekana.

Kwa hiyo hakuna mashine iliyoifuta mwenzake. Kila moja hujibu kipande cha swali.

Zote, hata hivyo, hushindwa na umbali. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara. Mjomba alisafiri masika, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, wakati Rufiji ikivukwa kwa kivuko. Majibu ya altrasaundi aliyoyabeba kwenye bahasha yalieleza uvimbe mdogo kuliko ule aliofika nao.

Leo daraja lipo, na Mtwara ina hospitali ya rufaa ya kanda. Nikiulizwa kipimo kipi ni bora, nami huuliza kwanza: uvimbe una wiki ngapi? Zikizidi tatu, kapimwe kwa kilicho karibu.