Swichi nyingi kuwa moja: duara linapangwa mbele ya kununua

Swichi inayozungumziwa hapa si ile ya kuwashia taa ukutani. Ni sanduku la chuma lenye matundu 24 ao 48, ambamo kompyuta za hospitali, shule ao biro zinachomekwa ili ziweze kuongea pamoja. Matundu yakiisha, wengi wanaongeza swichi ya pili na kuvuta waya mmoja kutoka ile ya kwanza. Inatumika, lakini kila mtu aliye upande wa pili anapitia mlango ule mmoja. Waya huo ukikatika, wote wako inje.

Kuna swichi zilizotengenezwa ili zishikamane kwa nyuma na kufanya kazi kama mashine moja. Zinazojulikana sana ni zile za Cisco Catalyst 3750. Kila moja iko na matundu mawili ya pekee mugongoni, na hata 9 zinaweza kuwa fungu moja lenye anwani moja. Moja inakuwa mkuu, zingine zinaifuata.

Penye kazi inaharibikia ni kwenye duara. Ya kwanza ishike ya pili, ya pili ishike ya tatu, na ya mwisho irudi kushika ya kwanza. Duara likifungwa, waya mmoja ukichomoka kazi inaendelea, ni nafasi ya kupitisha habari tu inayopungua nusu. Duara likiachwa wazi juu ya kuepuka bei ya waya mmoja, ule utakaochomoka unapasua fungu mara mbili. Kila upande unakuwa na mkuu wake, na wote wawili wanadai anwani ileile. Maabara haioni tena mapokezi, na fundi anaanza kutafuta ugonjwa kwenye kompyuta zisizo na kosa.

Nyaya hizo za nyuma si za kawaida. Zinapatikana za nusu metre, metre 1 na metre 3. Mwenye kununua swichi za mitumba aulize kwanza kama nyaya zake zipo. Bila hizo, zile matundu za mugongoni ni pambo. Swichi zikiwa nyingi, waya wa kutoka chini kurudi juu unaweza kukosa urefu. Dawa yake ni kuruka: katika swichi tano, 1 inashika 3, 3 inashika 5, 5 inashika 4, 4 inashika 2, na 2 inarudi kwa 1. Hakuna waya unaopita zaidi ya swichi moja.

Kwenye matundu ya mbele, njia za kutoka inje, kwenda kwa intaneti ao jengo lingine, ziwe mbili, na zikae kwenye swichi mbili tofauti. Kuziweka zote kwa mkuu ni kurudia kosa la mlango mmoja. Kwa simu zinazokula umeme kupitia waya wa mtandao, hesabu ni ingine: swichi yenye wati 370 inalisha matundu 24 tu ikiwa kila moja linachukua wati 15.4, hata kama matundu ni 48.

Fasi ambapo umeme unakatika kila siku, kuna neno lingine. Katika 3750, zinazowaka ndani ya sekunde 20 ndizo zinazoshindania ukuu. Yenye kuchelewa inakuta kiti kimekaliwa, hata kama ilipewa namba kubwa ya kipaumbele, ambayo inaanza 1 hadi 15. Kwa hiyo zote zipate umeme wakati mmoja, zisigawanywe kwenye betri zenye tabia tofauti.

Tena, swichi mpya iwe na programu ya toleo lile lile, na ichomekwe kwenye duara ikiwa imezimwa. Ikiwa inawaka, ni wakuu wawili wanakutana, na upande wenye kushindwa unajizima na kuwaka upya wote, hata kama ni saa nne asubuhi na wagonjwa wako kwenye mustari.