Meno ya Mzee Washington

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za George Washington, jemadari wa Wamarekani katika vita vyao na Waingereza, ambaye baadaye alikuwa Rais wao wa kwanza. Lakini ni wachache waijuao taabu aliyoichukua kinywani mwake. Jino lake la kwanza ling'olewa mwaka 1756, naye ni kijana wa miaka 24. Alipoapishwa urais mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja tu.

Husemwa ya kuwa meno yake ya bandia yalikuwa ya mti. Si kweli. Mwaka ule wa 1789 mganga wa meno, John Greenwood, alimchongea meno kwa pembe za kiboko, akaacha tundu la kupitishia lile jino lililobaki. Seti nyingine, iliyohifadhiwa hata leo nyumbani kwake Mount Vernon, ina risasi, meno ya ng'ombe na farasi, na meno ya wanadamu.

Nayo meno ya wanadamu yalipatikanaje siku zile? Daftari la fedha la Mount Vernon la mwaka 1784 laonyesha ya kuwa watumwa weusi walilipwa paundi 6 na shilingi 2 kwa meno 9. Hayo yaitwa mauzo. Lakini mtumwa, ambaye hata mwili wake si mali yake, atakataaje?

Basi mzee huyu alitaka nini? Alitaka kula, kusema mbele ya watu, na uso wake ubaki kama ulivyokuwa. Katika barua zake kwa Greenwood alilalamika ya kuwa meno yale yalisukuma midomo nje hata ikaonekana kana kwamba imevimba. Fundi alikuwa hodari. Lakini kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Katikati ya karne ya 19 ulikuja mpira uliopikwa na kiberiti ukawa mgumu. Mafundi waliushindilia katika kalibu iliyofuata umbo la kinywa chenyewe, na kwa hiyo meno yakakaa vizuri zaidi, na bei ikapungua. Baadaye plastiki ilishika mahali pa mpira. Hata hivyo shida moja haijaisha: meno yakiisha kung'oka, mfupa wa taya huendelea kupungua mwaka hata mwaka, na meno yaliyokaa vema jana hulegea kesho.

Kwa hiyo, ndugu, tukimwona mzee ameyaweka meno yake ya bandia sandukuni, tusiseme ni mkaidi. Tumwulize: Yakuumiza wapi? Wapenda kula nini? Kisha tumrudishe kwa mganga ayatengeneze. Jemadari aliyeshinda vita alihitaji kuandika barua ili asikilizwe juu ya midomo yake. Je, babu yetu aliyenyamaza pembeni mwa sinia, nani atamsemea?