Benchi la Urafiki

Benchi la Urafiki ni mpango wa afya ya akili ulioasisiwa nchini Zimbabwe mwaka 2006 na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, ili kuwafikishia wananchi wa kawaida tiba ya mazungumzo, yaani matibabu ya sonona na wasiwasi uliokithiri yanayotolewa kwa maongezi badala ya dawa. Kwa kuwa madaktari wa fani hiyo walikuwa wachache mno, mpango ulianza na wahudumu wa afya ya jamii 14, akina bibi wa Mbare jijini Harare, waliofundishwa mbinu ya utatuzi wa matatizo. Mgonjwa huketi na bibi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, hueleza yanayomsumbua, huchagua tatizo moja, kisha hupanga naye hatua ya kulitatua kabla ya kikao kijacho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mpango umeigwa Malawi na Zanzibar, na umethibitisha kwamba uhaba wa wataalamu si sababu ya kuwaacha wagonjwa bila tiba.