Majaribio ya Chanjo ya VVU Dar es Salaam

Majaribio ya chanjo ya VVU Dar es Salaam ni mfululizo wa tafiti zilizofanywa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) pamoja na washirika wa nje, hasa Taasisi ya Karolinska ya Sweden. Msingi wake ni uchunguzi wa askari polisi katika miaka ya 1990.

Askari polisi

Kati ya 1994 na 1996, watafiti wakiwamo Muhammad Bakari na Eligius Lyamuya walipima askari 2,850 wa jiji hilo. Asilimia 13.8 walikutwa na VVU. Miongoni mwa waliokuwa salama, karibu 20 kwa kila 1,000 waliambukizwa kila mwaka. Kwa kuwa kituo cha kazi cha askari hujulikana, iliwezekana kumfuatilia kwa miaka mingi, jambo la lazima katika utafiti wa chanjo.

HIVIS03

Jaribio la HIVIS03, lililoanza 2007, lilihusisha watu 60 wasio na VVU waliojitolea. Kwanza walichomwa dozi tatu za DNA yenye vinasaba vichache vya VVU, visivyoweza kusababisha maambukizi. Kisha walipewa dozi mbili za MVA, yaani kirusi cha chanjo ya ndui kilichodhoofishwa na kupachikwa vinasaba vya VVU. Kundi moja lilipewa chanjo bandia kwa ajili ya ulinganisho.

Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kuwa chanjo ni salama, na kwamba baada ya dozi ya kwanza ya MVA waliochanjwa wote walikuwa na seli T zinazotambua VVU. Miligramu 1 ya DNA iliyochomwa ndani ya ngozi iliamsha kinga sawa na miligramu 3.8 zilizochomwa kwenye msuli, au zaidi. Ngozi ina seli nyingi zinazonasa vitu vigeni na kuvipeleka kwenye tezi za kinga. Matokeo hayo yaliongoza majaribio mengine ya chanjo, ya TaMoVac, ya Dar es Salaam, Mbeya na Maputo, yaliyotafuta njia ya kupunguza idadi ya sindano.

Suala la sera

Kipimo cha haraka cha VVU kwa kawaida hutafuta kingamwili, wala hakitafuti kirusi chenyewe. Hivyo aliyechanjwa anaweza kuambiwa ana VVU ilhali hana, na majibu hayo yanaweza kuvunja ndoa au kumnyima mtu kazi. Watafiti wa Tanzania na Msumbiji waliandika kwa kina kuhusu tatizo hili. Kinachohitajika ni kipimo cha PCR, ambacho hutafuta vinasaba vya kirusi, na nchi yoyote inayochanja haina budi kukiweka tayari kwa wananchi wake.

PrEPVacc na umuhimu

Jaribio jingine la chanjo, PrEPVacc, lilianza Desemba 2020 likiwa na washiriki 1,512 wa Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban. Mojawapo ya chanjo mbili za jaribio hilo ilitumia MVA ileile ya HIVIS03. Novemba 2023 uchanjaji ulisitishwa kwa sababu hapakuwa na dalili kwamba chanjo zingezuia maambukizi, na washiriki wakaelezwa wazi.

HIVIS03 ilithibitisha kwamba kinga inaamshwa. PrEPVacc ikaonyesha kwamba kinga hiyo haitoshi. Majibu yote mawili yanawaokolea watafiti wa nchi nyingine miaka ya kazi, na yalipatikana kwa sababu watu wenye afya njema walijitolea miili yao. Wanastahili heshima ya kudumu katika historia ya tiba Tanzania.