Kupakua na Kusakinisha: Kiswahili kama Nyongeza katika Kompyuta, 2004 Hadi Leo

Utangulizi



Mhadhara huu unahusu jambo dogo ambalo ni rahisi kulipita bila kulitazama, nalo ni nyongeza. Kwa nyongeza nakusudia kifurushi cha programu ambacho mtumiaji hukitafuta mtandaoni, hukipakua, kisha hukisakinisha ndani ya kivinjari au programu ya barua pepe aliyokwisha kuwa nayo, ili programu hiyo ifanye kazi ambayo haikuumbwa nayo. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kimeingia katika kompyuta, kwa sehemu kubwa, kupitia mlango huu wa nyongeza. Na kwamba hali hiyo imeamua ni nani anayekipata humo na kinadumu kwa muda gani.

Ili hoja isielee hewani, yafaa tuiweke mahali. Kata ya Katumba Songwe iko katika Wilaya ya Kyela, katika tambarare ya mpunga na kakao inayoelekea mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, katika wilaya ambayo Mto Songwe unaitenga na Malawi. Nyumbani watu wengi husema Kinyakyusa. Shuleni, sokoni na ofisini husema Kiswahili. Tuseme ni mwaka 2008, na karani wa chama cha msingi cha ushirika kutoka huko amekaa mbele ya kompyuta Kyela mjini, akitaka kuandika barua pepe kuhusu bei ya kakao. Kiswahili chake ni kizuri. Kompyuta, hata hivyo, inamsemesha kwa Kiingereza, na kila neno analoandika linapigiwa mstari mwekundu. Dawa ipo, nayo ni nyongeza ya tahajia. Swali la mhadhara huu ni hili: dawa hiyo ilitoka wapi, na karani wetu aliifikiaje?

Maneno matatu

Tuanze na msamiati wenyewe, kwa kuwa nao una historia. Neno kivinjari limetokana na kitenzi vinjari, ambacho asili yake ni mwendo wa chombo kinachozunguka huku na huko kikipeleleza. Kupakua ni kuteremsha shehena kutoka chomboni, na pia kutoa chakula chunguni. Kusakinisha kumetokana na sakini, yaani kukaa mahali, neno lenye mzizi mmoja na maskani.

Tazama jinsi picha inavyokamilika. Seva iliyo mbali ni jahazi lenye shehena, kompyuta ya mtumiaji ni gati, na programu iliyoteremshwa hupewa maskani. Kiingereza, kwa tendo hilohilo, kinaona mzigo unaopakiwa. Sisi tumeona mzigo unaoshushwa. Mtu aliyewahi kusimama katika bandari ya Itungi akitazama meli ikipakuliwa hahitaji kufafanuliwa neno hili. Waundaji wa istilahi walifanya kazi njema hapa. Lakini uzuri wa neno haumfikishii mtu kitu chenyewe.

Mwaka 2004

Mwaka 2004 ulikuwa mwaka wa mambo mengi. Tarehe 9 Novemba ilitoka Firefox 1.0, na tarehe 7 Desemba ikafuata Thunderbird 1.0, ya kwanza ikiwa kivinjari na ya pili programu ya barua pepe. Zote mbili zilijengwa kwa falsafa moja: kiini kiwe chepesi, na kila atakaye zaidi aongeze mwenyewe. Nyongeza zao zilikuja katika faili moja yenye kiambishi cha xpi. Mtumiaji aliipakua, akakubali onyo la usalama, kisha akaizima programu na kuiwasha upya.

Mwezi huohuo wa Desemba, mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kabla ya hapo, mwezi Juni, kampuni ya Microsoft ilikuwa imetangaza nia ya kuzitafsiri Windows na Office kwa Kiswahili. Matokeo yake yalikuwa kifurushi cha lugha ambacho kilisakinishwa juu ya Windows XP. Ieleweke kwamba kifurushi hicho hakikuwa mfumo kamili. Kilikuwa vazi lililovalishwa mfumo ambao tayari ulikuwapo.

Hapo ndipo penye kitendawili. Ili kukipata Kiswahili, mtumiaji alipaswa kwanza kuwa na programu ya lugha nyingine, kusoma maelekezo ya lugha hiyo, kuitambua faili sahihi katika orodha ndefu, na kujibu maswali ya usakinishaji. Aliyekihitaji zaidi Kiswahili katika kompyuta, yaani asiyejua Kiingereza, ndiye aliyekuwa na njia ngumu zaidi ya kukifikia. Aliyekifikia kwa wepesi ni yule ambaye angeweza kuishi bila ya hicho.

Orodha na kanuni

Nyongeza iliyomhusu zaidi karani wetu ni kamusi ya tahajia. OpenOffice ilikuwa na orodha ya maneno ya Kiswahili ya mwaka 2004, yenye jina la Jason Githeko, mtaalamu wa kompyuta kutoka Kenya, na iliyopewa alama ya sw_TZ. Kamusi za umbo hilo ziliweza kufungashwa kama nyongeza za Firefox na Thunderbird, kwa kuwa programu hizo zilikuja kutumia mtambo mmoja wa tahajia uitwao Hunspell. Firefox iliupokea katika toleo la 3 la mwaka 2008.

Hunspell ilitungwa na László Németh kwa ajili ya Kihungaria, na asili hiyo ina maana kwa mwanaisimu. Kihungaria huambisha mwishoni mwa neno. Kwa kawaida Hunspell huweza kuvua viambishi tamati viwili vinavyofuatana, lakini kiambishi awali kimoja tu. Kwa mpangilio maalumu huweza kuvua viwili. Sasa tulichukue neno hatutawapikia. Kabla ya mzizi -pik- pana viambishi vinne: ha-, tu-, ta- na wa-. Mtunzi wa kamusi hubaki na njia mbili: aorodheshe michanganyiko ya viambishi kana kwamba kila mmoja ni kiambishi kizima, au aorodheshe maneno yenyewe moja baada ya jingine. Njia zote mbili huacha nje maelfu ya maneno sahihi.

Uchambuzi wa kanuni hizi kwa kompyuta haukuwa mgeni. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliuanza mwaka 1985, na kazi yake ilizaa kichanganuzi cha SWATWOL na baadaye mfumo wa SALAMA. Lakini kuuhamishia ujuzi wa aina hiyo katika faili mbili ndogo za Hunspell ni kazi nyingine, na inahitaji mtu wa kuifanya.

Aidha, orodha hubeba mpaka wa yule aliyeitunga. Jina Kyela lenyewe lina mfuatano wa sauti, ky-, ambao Kiswahili sanifu hakina. Majina mengi ya ukoo ya Wanyakyusa huanza na Mwa-, nayo hayaingii katika orodha mpaka mtu ayatie kwa makusudi. Hivyo karani aliyefaulu kusakinisha nyongeza aliweza kuona maneno yake ya Kiswahili yakisafishwa, huku wilaya yake na jina la babu yake vikibaki chini ya mstari mwekundu. Kosa hapa si la mashine. Tunayoiona ni orodha isiyokamilika, ikisomwa kana kwamba ni sheria ya lugha.

Nyumba inapovunjwa

Nyongeza ni mpangaji. Nyumba ikivunjwa, naye huhama. Jambo OpenOffice ilijengwa juu ya tawi la 1.1, Oktoba 2005 ilipotoka OpenOffice 2.0, nyumba ilikuwa imekwisha badilika. Windows XP iliacha kuhudumiwa Aprili 2014. Novemba 2017, Firefox 57 ilikataa nyongeza zote za mfumo wa kale. Kila mtunzi alitakiwa kuandika upya au kuiacha kazi yake ife. Thunderbird ilifuata njia hiyo katika toleo la 78 la mwaka 2020.

Lugha zenye wahudumu wengi zilihama salama. Lugha ambayo nyongeza yake ilitungwa na mtu mmoja, au na mradi wenye ufadhili wa muda, ilitegemea bahati. Ufadhili hulipia uzinduzi. Ni nadra kulipia ukarabati.

Hitimisho

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1964 na Baraza la Kiswahili la Taifa la mwaka 1967 zilitufundisha kwamba usanifishaji ni kazi isiyokwisha. Kamusi huchapwa, husahihishwa, huchapwa tena. Hatujaichukulia nyongeza ya kompyuta kwa uzito huo. Tumebishana sana kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi; tumeuliza mara chache ni nani atakayeifungua faili ya sw_TZ mwakani na kuongeza maneno.

Ninyi wanafunzi wa isimu mnazijua kanuni za kitenzi cha Kiswahili kuliko watunzi wengi wa programu. Faili za Hunspell ni matini matupu. Zinafunguka kwa kihariri chochote. Tasnifu moja ya shahada ya kwanza ingeweza kuongeza mamia ya majina ya kata za nchi hii, Katumba Songwe ikiwamo. Vyuo vyetu navyo vione kwamba kuhudumia orodha hiyo ni utafiti unaostahili kuhesabiwa, sawa na makala. Tumekwisha kupakua. Kazi iliyobaki ni kukipa Kiswahili maskani, na maskani huhitaji mwenyeji wa kuezeka paa kila masika yanapokaribia.