Dunia ndani ya kisanduku: bonde letu lilivutwa ao lilisukumwa?

Kila mara udongo unapotetemeka Bukavu ao Goma, ulizo moja linarudi: hili bonde linalobeba Ziwa Kivu na Tanganyika lilifanyika namna gani? Hakuna mtu aliyeishi mamilioni ya miaka ili aone. Ndiyo maana wanajiolojia walianza kuigiza dunia juu ya meza.

James Hall wa Scotland ni kati ya wa kwanza. Rafiki yake mkubwa, James Hutton, hakuamini kama moto wa chungu kidogo unaweza kufundisha kazi kubwa za dunia. Kwa heshima, Hall alingoja mpaka Hutton alipokufa, 1797, ndipo akatangaza majaribio yake ya kuyeyusha mawe. Mwaka 1815 akachapisha jaribio lingine, rahisi kabisa: alipanga vitambaa kimoja juu ya kingine, akalaza mlango wenye uzito juu yake, kisha akasukuma toka pembeni. Vitambaa vikajikunja sawa vile mawe aliyoyaona kando ya bahari. Akarudilia na udongo wa mfinyanzi, ikawa vilevile.

Mwaka 1893, Bailey Willis wa Marekani alisukuma matabaka ya nta, mengine magumu, mengine laini, na risasi ndogondogo juu kama uzito. Akapata mikunjo kama ya milima ya Appalachian.

Sasa historia inafika kwetu. Katika kitabu chake cha 1936 juu ya mabonde ya Afrika Mashariki, huyu huyu Willis alitetea kwamba ardhi ilisukumwa. Wayland, aliyefanya kazi Uganda, alisema hivyo pia. Lakini katika Ujerumani Hans Cloos alikuwa anavuta udongo mbichi: kati kati kipande kikazama katikati ya nyufa mbili, bonde kamili! Tumwamini nani? Kisanduku kinajibu tu kile mkono umekifanyia.

Mwaka 1937 King Hubbert alitoa kanuni: ukipunguza urefu mara 100.000, nguvu ya kitu nayo inapaswa kupungua karibu vile. Kwa hiyo jiwe gumu ndani ya kisanduku linadanganya. Mchanga mkavu unafaa zaidi, juu unapasuka kwa pembe kama za mwamba, na wenyewe hauna nguvu mingi ya kushikana. Hapo sentimita 1 inasimamia kilomita 1.

Lakini jibu la mwisho lilitoka inje, kwenye udongo wenyewe. Vipimo vya GPS vinaonyesha pande mbili za bonde zinaachana, milimita chache kwa mwaka. Bonde letu linavutwa. Sisi wa agronomia tunaijua hiyo kanuni: mbegu iliyofaulu ndani ya chungu ingali inangoja shamba.

Basi tusiseme tu hatuna mashini. Sanduku lenye kioo upande mmoja, mchanga uliochujwa na kutiwa rangi, ubao wa kuvuta: hiyo iko karibu na kila fakilte. Mwanafunzi anayeishi juu ya ufa asimalize masomo bila kuona hata mmoja ukizaliwa. Akishauona, apande kilima, apime nyufa za kweli, alinganishe. Hapo tu ndipo kisanduku kinakuwa sayansi.