Vitenzi Vilivyochakaa: Hali ya Tendo katika Lahaja za Kichina

Mwalimu wa Kiswahili afunguapo sarufi ya Kichina hushangazwa na jambo moja: kitenzi hakibadiliki kwa njeo. Hakuna -li- wala -ta-. Jana na kesho hutajwa kwa maneno yake, nacho kitenzi hubaki vile vile. Hata hivyo Mchina hakosi njia ya kuonyesha kama tendo limetimia, linaendelea, au limewahi kutendeka. Hali hizo hubebwa na vijineno, navyo vingi vilikuwa vitenzi kamili hapo kale.

Tuanze na le ya Kimandarini, lahaja ya kaskazini iliyo msingi wa lugha ya taifa. Chi ni kula. Chi le huonyesha kwamba kula kumetimia. Asili ya le ni liao, yaani kumaliza. Katika maandishi ya zama za Tang (618–907), ambayo mengi yaligunduliwa mwaka 1900 katika pango la Dunhuang, liao hukaa mwishoni, baada ya yambwa, kana kwamba tungesema "kula wali kumaliza". Kufikia zama za Song (960–1279) ilikwisha kusogea ikaingia kati ya kitenzi na yambwa, kisha sauti yake ikachakaa. Guo, ya tendo lililowahi kutendeka, ilikuwa kupita.

Sisi tusishangae sana. Nimekwisha kula imekuwa nimeshakula kwa njia iyo hiyo, na wataalamu wa Kibantu huieleza -me- yenyewe kuwa ni masalio ya kitenzi cha kale cha kumaliza. Wanafunzi wetu wa hapa Burundi wanacho bado kitenzi hicho: kumara.

Lahaja za kusini zilichukua maneno mengine. Kikantoni hutumia zo pale penye le. Kwa tendo linaloendelea hutumia gan, ambayo asili yake ni kukazika; kwa hali inayodumu, jyu, yaani kukaa. Hivyo zoek gan saam ni "anavaa nguo", na zoek jyu saam ni "amevaa nguo", nguo zi mwilini. (Tofauti hii huwatesa wageni wanaojifunza Kiswahili pia!) Kimandarini hutofautisha kwa kutanguliza zai, kuwa mahali, katika la kwanza, na kufuatisha zhe katika la pili.

Lahaja ya Min ya Kusini, isemwayo Fujian na Taiwan, hutanguliza u, kuwa na: goa u khi, "mimi nina kwenda", maana yake nilikwenda kweli. Wasemaji wake wanapotumia Kimandarini husema wo you qu, na walimu wengi wamelihesabu kuwa kosa. Lakini Kimandarini sanifu chenyewe, kinapokanusha, huiacha le na kusema mei you, "bila kuwa na". Mwaka 1965 William S-Y. Wang alitoa hoja kwamba you na le ni alama moja yenye sura mbili. Mwanafunzi wa kusini, basi, amelinganisha tu uyakinishi na ukanushi.

Nakumbuka madaftari ambamo nilipiga mstari mwekundu chini ya nimeshakula, nikaandika pembeni: "nimekwisha kula". Hayakuwa machache.